Panya wametafuna waya wa monita ya kichogo: yatengenezeka ama itupwe?

Dada mmoja mwenye duka la nafaka Kongowea ameniandikia, nafupisha kidogo: "Assalaam aleikum fundi. Niko na monita ya zamani ile ya kichogo, inchi 17, aliiacha marehemu baba, na sa hizi naitumia dukani kuangalia kamera. Waya wake wa picha umeingia ndani moja kwa moja, hauchomoki. Panya wameutafuna, kama shibiri moja kutoka kwenye kichwa cha kuchomeka. Mwanzo picha iligeuka zambarau. Nikaita kijana akazisokota nyaya akafunga tepu, picha ikarudi lakini kila kitu kina kivuli pembeni, na tangu juzi ni giza tu, taa ya mbele imebaki rangi ya chungwa. Fundi mmoja aniambia nitupe, mwengine ataka kuifungua nyuma. Niko na mpwa wangu asomea umeme, aweza kuitengeneza? Na ina faida kweli?"

Waaleikum salaam dadangu, na Mungu amrehemu mzee. Monita yako haijafa. Yatengenezeka, mpwa wako aifanye mwenyewe, na huyo anayetaka kuifungua nyuma mwambie asante lakini hapana, maana shida haiko ndani, iko nje pale panya alipokula, na kazi yote yaweza kufanywa nje bila kugusa hata skrubu moja ya mgongoni. Nitakueleza kwa urefu kwa sababu kazi hii watu huiharibu kwa haraka tu, si kwa ugumu wake.

Hizo dalili ulizoandika zatosha kusema shida iko wapi kabla mtu hajashika bisibisi. Waya huo ni wa VGA, mfumo ulioletwa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zao za PS/2, na kichwa chake ni kile cha pini 15, mistari mitatu, kila mstari pini tano. Ndio maana monita ya zamani hivyo yakubali kuingia kwenye DVR, ile mashine ya kurekodi kamera, iliyonunuliwa majuzi, tundu ni lile lile. Intel na AMD na wenzao walitangaza mwaka 2010 kwamba ifikapo 2015 wataiacha VGA kwenye kompyuta, lakini kwenye DVR bado waikuta kila mahali. Sasa katika hizo pini 15, zinazobeba picha yenyewe ni tano tu: namba 1 nyekundu, namba 2 kijani, namba 3 buluu, namba 13 yaipa monita habari kila mstari uanze lini, na namba 14 yaipa habari picha nzima ianze upya lini kutoka juu. Rangi kila moja ina njia yake ya kurudi, yaani 6 ni ya nyekundu, 7 ya kijani, 8 ya buluu. Namba 5 na 10 ni ardhi, yaani earth. Namba 12 na 15 ni za mashine kuiuliza monita wewe ni nani na waweza picha ya ukubwa gani, na namba 9 ni volti 5 zinazotoka kwenye mashine, hiyo tutairudia maana ndio yaweza kukutia hasara.

Picha yako ilipogeuka zambarau, hiyo ni kijani iliyokatika. Nyekundu na buluu zikibaki peke yao zatoa zambarau ya pinki, hakuna namna nyengine. Ingekatika nyekundu ungeona kila kitu kimekua samawati inayoelekea kijani, ingekatika buluu ungeona njano. Kwa hivyo panya alianza na waya wa kijani. Halafu baadaye giza na taa ya chungwa: monita ya aina hii ikikosa habari ya namba 13 ama 14 yajilaza yenyewe kuokoa stima, na taa yageuka kutoka kijani kua chungwa. Imelala, haijaungua. Monita iliyoungua mara nyingi haina taa kabisa, ama taa yawaka na kuzima na wasikia tik tik tik ndani. Yako yasubiri kuamshwa tu.

Hakikisha hilo kabla hujanunua chochote. Chomoa ule waya kwenye DVR, monita ikiwa imewashwa, na utazame kioo. Nyingi za inchi 17 za wakati ule zaonyesha kijisanduku kinachotembea kwenye skrini, hakuna waya ama hakuna signali, na zengine zaweka mistari ya rangi tatu. Ikikataa kuonyesha chochote, bonyeza kile kitufe cha menyu mbele. Menyu ile hutengenezwa ndani ya monita yenyewe, haipiti kwenye waya, kwa hivyo ikija na maandishi meupe safi na rangi zake zote basi kioo ni kizima na sehemu za kukuza rangi zote tatu ni nzima, mgonjwa ni waya peke yake. Ikija menyu nayo ni ya zambarau, hapo hadithi ni nyengine, kijani yenyewe ndani ina shida, na hiyo ni kazi ya fundi wa TV mzoefu. Kwa maelezo yako sioni kama ni hivyo, lakini tazama. Pia jaribu DVR na monita nyengine yoyote hata ya kuazima jirani, usije ukalaumu waya kumbe tundu la DVR limelegea, maana duka la nafaka lina vumbi la unga na vumbi likichanganyika na hewa yetu hii ya chumvi latengeneza uchafu kwenye matundu.

Na kwa nini nasema isifunguliwe. Monita ya kichogo ndani ina stima ya kuua, na nasema kuua kwa maana yake kamili. Ule mpira mweusi uliobanwa ubavuni mwa kioo wabeba takriban volti 25,000 monita ikiwaka, na kioo chenyewe chaweza kuhifadhi moto huo baada ya kuchomolewa ukutani. Chini kwenye bodi kuna kapasita kubwa inayopokea stima ya ukuta, na ukutani kwetu ni volti 240, ikishageuzwa yafika karibu 340, na ile kapasita yaweza kukaa na chaji mtu akishajiaminisha kuwa ameshachomoa. Halafu kuna shingo ya kioo, nyembamba kabisa, ukiigonga na bisibisi hewa yaingia na kioo kimeisha hapo hapo. Mtu aliyefundishwa ajua kutoa chaji na ajua mkono uwe wapi. Mpwa wako mwanafunzi, hata akiwa hodari vipi, hana haja ya kuingia humo kwa ajili ya waya uliotafunwa nje. Nakuomba hili ulishike sana.

Sasa kipimo. Kama mpwa wako ana mita, hata ile ya bei rahisi ya rangi ya manjano, achomoe monita ukutani kabisa, achomoe na kwenye DVR, aweke mita kwenye omu 200, asitumie ile ya kulia pii kwa sababu nyingi hazilii kwenye kiwango hiki na atadhani waya umekatika. Agusishe pini 1 na pini 6. Inatakiwa isome karibu 75. Halafu 2 na 7, halafu 3 na 8, zote karibu 75. Hiyo 75 si namba ya bahati, ndani ya kila monita ya VGA kuna rezista ya omu 75 kwenye kila rangi, mashine hutoa signali ndogo, kama volti 0.7 hivi, na mfumo mzima umepangwa kwa hiyo 75. Ikisoma 75 njia ni nzima kwenda na kurudi. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma sifuri ama karibu na sifuri, nyaya zimegusana, na nahisi kwako atazikuta zote mbili, iliyokatika na iliyogusana, chini ya ile tepu ya kijana. Kwa pini 13 na 14 hakuna namba moja ya kutafuta, hutofautiana monita na monita, muhimu tu zisisome sifuri zikipimwa na ardhi.

Na asome idadi ya pini vizuri kabla ya kuogopa. Vichwa vingi vya VGA havina pini 9 tangu kiwandani, na vyengine havina 4 wala 11, mtu aona shimo tupu ahisi pini imevunjika. Ya kuogopa ni pini iliyolala ama iliyosukumwa ndani.

Kuhusu kile kivuli. Kijana aliyekufungia hakuwa na nia mbaya, lakini alifanya kitu ambacho kwa waya wa taa chafaa na kwa waya wa picha hakifai. Ukikata kebo ya VGA nzuri utaona ndani nyaya tatu nene kidogo, mara nyingi nyekundu, kijani na buluu, na kila moja ukiimenya ina waya mwembamba katikati, plastiki nyeupe, halafu wavu wa nyuzi za shaba umeizunguka. Ni waya wa koaksi, aina moja na wa antena ya TV ila mdogo. Ule wavu ndio njia ya kurudi, ndio namba 6, 7 na 8. Pembeni kuna nyaya nyembamba za kawaida za zile pini nyengine, halafu karatasi ya fedha na wavu mkubwa umefunika zote. Alichofanya kijana, na hufanywa na wengi, ni kumenya zote urefu wa kidole, akasokota nyavu zote tatu pamoja na wavu mkubwa kua fundo moja, halafu akasokota rangi kwa rangi zikakaa uchi ubavu kwa ubavu. Picha yarudi, kweli, lakini signali ya picha ya 1024 kwa 768 yabadilika kwa kasi ya vidoti milioni 65 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo waya hauko tena kama bomba tupu la stima. Ikifika mahali ule umbo wa waya umebadilika ghafla, sehemu yake yagonga na kurudi nyuma, kama wimbi linavyopiga ukuta chini ya Fort Jesus likarudi baharini, halafu yarudi tena mbele ikiwa imechelewa kidogo. Ule uchelewaji ndio kivuli chako, na ndio maana hukaa upande wa kulia wa kila kitu, kwa sababu monita huchora kutoka kushoto kwenda kulia na kilichochelewa chachorwa mbele zaidi. Kwa hivyo siri ya kazi nzuri ni kuufanya muungano uwe mfupi na kila rangi ibaki na wavu wake yenyewe.

Twende kwenye kazi. Panya ametafuna shibiri moja kutoka kichwani, na hiyo ni bahati njema maana urefu mwingi umebaki upande wa monita. Kuna njia mbili. Moja ni kununua kichwa kitupu cha kupiga solda cha pini 15 na nyumba yake, uking'oa kile cha zamani waweka hiki. Kazi yatoka safi kabisa kwa sababu hakuna fundo katikati ya waya, lakini vijikombe vya pini viko karibu karibu sana na mstari wa katikati ni taabu kufikia, kwa mkono ambao haujazoea atagusisha pini mbili bila kujua. Njia ya pili, ambayo mimi ningempa mpwa wako, ni kutafuta kebo nyengine ya VGA, hata ya mtumba, ikatwe kichwa chake pamoja na urefu wa kama mita nusu hivi, kiunganishwe kwenye waya wa monita. Hapo ana nafasi ya kufanya kila waya kwa utulivu. Lakini achague kebo nene. Zile nyembamba laini za bei ya chini kabisa nyengine hazina koaksi ndani, ni nyaya za kawaida tu zimepakwa rangi, na ukiweka hiyo umerudi kwenye kivuli. Dalili moja ya kutazama ni ile pipa nyeusi ya sumaku karibu na kichwa, nzuri nyingi zinayo, ingawa usiamini hiyo peke yake, akatazame ndani akishakata.

Akate waya wa monita upande wa kichwa cha zamani, na nakuomba sana hicho kichwa kilichotafunwa KISITUPWE. Watu hukitupa mara moja halafu wanabaki na kishada cha nyaya za rangi bila kujua ipi ni ipi. Nyaya nyembamba hazina rangi za sheria, kiwanda hiki chaweka kijivu kwenye 13, chengine chaweka nyeupe, chengine chaweka kahawia. Lakini kichwa chako cha zamani na waya uliobaki kwenye monita vilikua kebo moja, rangi zao ni zile zile. Kwa hivyo achukue kile kichwa, amenye ile shibiri ya waya iliyobaki nyuma yake kwenye sehemu nzima, aweke mita kwenye ya kulia pii, na kwa kila rangi atafute pini, aandike kwenye karatasi: kijivu ni 13, nyeusi ni 14, na kadhalika. Halafu afanye hivyo hivyo kwa kichwa kipya, karatasi ya pili. Basi ataunganisha kwa namba za pini, si kwa rangi. Zile tatu kubwa nyekundu kijani buluu mara nyingi zalingana lakini azipime pia. Hii kazi ya karatasi yachukua muda, wacha ichukue, hapa ndipo kazi hufaulu ama kufeli.

Kabla ya solda kuna jambo la hapa kwetu pwani. Shaba iliyokaa wazi kwenye hewa ya bahari yageuka nyeusi ama kijani, na kupitia pale panya alipotoboa unyevu huingia ukatambaa ndani ya wavu, waweza kukata ukakuta nyuzi nyeusi sentimita kadhaa kutoka kwenye jeraha. Solda haishiki kwenye shaba nyeusi, yajikusanya vidonge vidonge juu yake na mtu ahisi imeshika, wiki mbili picha yaanza kukatika tena. Aendelee kukata nyuma kidogo kidogo mpaka aone shaba inayong'aa. Ukipungukiwa na urefu ndio faida ya ile mita nusu ya kebo mpya. Na dawa ya solda iwe ile ya utomvu inayokuja ndani ya solda yenyewe, asitumie ile dawa ya wachomelea mabati, ile ni tindikali, itashika vizuri leo na itaendelea kula waya ndani ya tepu kimya kimya, na kwa joto na unyevu wa Mombasa haichukui muda.

Kila koaksi amenye kidogo tu, waya wa kati utoke kama nusu sentimita, wavu usokotwe pembeni uwe mguu mmoja. Mpira wa kusinyaa, ule ukipata moto wajikaza, avalishe KABLA ya kupiga solda, na ule mkubwa wa kufunika zote nao avalishe kwenye kebo kabla ya yote. Waya wa kati kwa waya wa kati, solda ya haraka, sekunde mbili tatu, asikawize, maana ile plastiki nyeupe yayeyuka na waya wa kati wazama ukagusa wavu, hapo ndipo utapata ile sifuri. Chuma cha wati 25 mpaka 40 chatosha. Afunike, halafu wavu kwa wavu wa rangi ile ile. Halafu rangi ya pili, lakini muungano wake usikae sawa na wa kwanza, auweke sentimita mbili mbele, wa tatu mbele zaidi, hivyo fundo haliwi nene na hata mpira mmoja ukichanika hakuna cha kugusana nacho. Halafu 13 na 14, halafu ardhi 5 na 10. Namba 12 na 15 aziunge kama zipo pande zote, kama hazipo picha bado itakuja.

Ile namba 9, kama ipo kwenye kichwa kipya, ina volti 5 kutoka DVR. Kama waya wa monita hauna mwenzake, aukate mfupi na aufunge peke yake vizuri. Ukigusa ardhi waweza kudhuru DVR, na DVR ndio yenye rekodi zako.

Mwisho karatasi ya fedha izungushwe juu ya miungano yote, wavu mkubwa wa upande huu uungwe na wavu mkubwa wa upande ule, na mpira mkubwa ufunike yote. Asiuruke wavu mkubwa kwa kuona picha yaja bila yake, yaja kweli, lakini waya bila wavu hupokea kelele za kila kitu kilicho karibu, na duka lako bila shaka lina feni na taa na chaja za simu kwenye ekstensheni moja.

Akimaliza asichomeke bado. Mita tena, kwenye kichwa kipya: 1 na 6 karibu 75, 2 na 7, 3 na 8. Halafu 1 na 2 inatakiwa isome karibu 150, kwa sababu inapita rezista mbili, ya nyekundu ikashuka ardhini ikapanda ya kijani, ikisoma chini sana hapo rangi mbili zimegusana. 13 na 14 zisilie zikipimwa na ardhi wala zenyewe kwa zenyewe. Pini 9 isilie na chochote. Zikiwa sawa, azime DVR na monita zote, achomeke, akaze zile skrubu mbili za pembeni, awashe monita kwanza halafu DVR.

Kama taa imegeuka kijani lakini skrini yaandika kwamba iko nje ya kiwango, usimlaumu mpwa wako, waya umepona. Ni DVR inayotoa picha kubwa kuliko monita inavyoweza. DVR nyingi mpya huja zikiwa 1920 kwa 1080 na monita nyingi za inchi 17 za kichogo hazitaki hiyo. Chomeka DVR kwenye TV yoyote kwa muda, ingia kwenye mpangilio, weka 1024 kwa 768, hezi 60, halafu rudi kwenye monita yako.

Sasa swali lako la faida, na hapa nataka kuwa mkweli kwako kwa sababu pesa ni zako. Kutengeneza kwenyewe ni bei rahisi kuliko kununua monita nyengine, ni kebo ya mtumba, solda kidogo na mpira. Lakini monita ya kichogo ya inchi 17 hula stima takriban wati 80, na ukiiacha ikiwaka usiku na mchana mwezi mzima hiyo ni kama yuniti 58, wakati monita bapa, zile nyembamba za kisasa, ya ukubwa huo huo ya wati 25 yala kama 18. Kwa hivyo kama ni ya kuwaka saa zote, tafuta bapa ya mtumba polepole na hii ikushikilie kwa sasa. Lakini DVR hairekodi kupitia monita, yarekodi hata monita ikiwa imezimwa, basi ukiwa waiwasha ukitaka kutazama tu, nusu saa asubuhi nusu saa jioni, tofauti ya stima ni ndogo sana na sioni sababu ya kuacha kitu kizima cha mzee wako. Na kuizima yasaidia jambo jengine, ile mistari ya kamera nne zilizogawanywa, ikikaa palepale miezi kwa miezi huchoma kioo na alama haitoki tena.

Huyo aliyesema itupwe, itupwe wapi? Kioo cha monita hizi kina risasi ndani yake, madini ya sumu, na zikifika jaani kule Mwakirunge huvunjwa kwa nyundo kutoa shaba ya shingoni, na wanaofanya hivyo wako mikono mitupu. Ikifika siku imekufa kweli, mtafute fundi wa TV anayekusanya za kichogo kwa vipuri, mpe bure ikiwa nzima haijavunjwa.

Panya nao watarudi, duka la nafaka haliwezi kuwakosa. Waya usilale sakafuni nyuma ya magunia, uupitishe kwenye paipu ya plastiki ya wiring ama ile mifereji ya plastiki ya ukutani yenye kifuniko, na uinuliwe. Pale kwenye muungano pasipindwe, pafungwe kwenye kitu kilichonyooka ili uzito wa waya usiuvute. Na kama ekstensheni yako haina ardhi, yaani ile pini kubwa ya juu haifanyi kazi, shughulikia hilo kabla ya yote, maana monita na DVR zisizo na ardhi moja hutoa mistari inayopanda polepole kwenye picha, na ukigusa chuma wahisi mtetemo mkononi, hilo si la kuvumilia dukani penye wateja.

Mpwa wako akishakata na kupima, kabla hajawasha chuma, anitumie zile namba tatu, ya 1 na 6, ya 2 na 7, ya 3 na 8, azichukue kwenye waya uliobaki kwenye monita, pamoja na picha ya ile karatasi ya rangi na pini. Zikiwa karibu 75 zote aendelee. Kama moja haisomi hata kwenye waya mzima baada ya kukata nyuma, asimame hapo hapo, asifungue kitu, maana hiyo yaonyesha panya alitafuna pengine karibu na mgongo wa monita, akague waya wote kwa vidole taratibu mpaka unapoingia.